Maboza ya Mgombea Matimbwa

Kampuni ya maji ilichukua maboza mawili, magari ya kupelekea maji mtaa wa Kichangani, ikampa mgombea Matimbwa kinyemela afanyie kampeni. Ndoo za mtaa zikakauka. Sheria ilitaka mchango wa kampeni utangazwe, lakini mkurugenzi wa kampuni, Lugome, mwenye tumbo kubwa kuliko tangi, alimwita karani wake Tatu, mkazi wa Kichangani.

"Wewe binti, ukitamka neno 'mchango', kazi huna!"

"Bosi, mdomo nimeutia kufuli."

Jumamosi Tatu alikwenda kwenye mkutano wa Matimbwa, maboza yakiwa kando ya jukwaa, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, ati maboza haya umeazimwa na mpinzani wako?"

Matimbwa akavimba kama andazi. "Yule kapuku? Ana boza yule? Kanipa Lugome mwenyewe! Barua hii hapa, na muhuri!"

Akaisoma yote kwenye kipaza sauti, mpaka namba za magari. Maofisa wa uchaguzi waliokuwepo wakaandika kila neno.

Jumatatu maboza yalirudi Kichangani. Lugome akanguruma, "Nani katoa siri?"

"Matimbwa, bosi," alisema Tatu. "Mfukuze kazi."