Jina la Hunaif Katika Hati ya Mirathi

Wamepokea wazee wetu kwa waliowatangulia kwamba mjini Kufa aliishi mjane mcha Mungu, Lubaba binti Hazim, akisokota sufu kwa riziki yake. Siku moja wasafiri wakamletea msiba: kaka yake Ghalib amefariki Sham. Hakuacha mke wala mtoto, ila nyumba na shamba la mizeituni.

Makadhi wa Sham hawakukabidhi mirathi ya mgeni pasipo hati ya kadhi wa kwao, yenye mashahidi na majina ya warithi wote. Lubaba akaenda kwa kadhi wa Kufa pamoja na jirani yake Shuraih, aliyekuwa tayari kushuhudia kuwa marehemu hana ndugu mwingine.

Lakini alikuwapo. Mdogo wao, Hunaif, alifukuzwa ujanani na baba yao, aliyeapa jina hilo lisitajwe tena nyumbani mwake. Tangu hapo hapakuwa na aliyejua aliko.

Shuraih akamnong'oneza kwa huruma, "Bibi, paa lako linavuja, na msafara wa Sham unaondoka kesho. Asiyetajwa ni sawa na maiti. Nyamaza, hati ipigwe muhuri."

Lubaba akamgeukia kadhi, akasema, "Ewe kadhi, baba alimfuta Hunaif nyumbani, Mola hakumfuta katika fungu lake. Mwandike. Na fungu lake ni maradufu ya langu."

Kadhi, Allah amrehemu, akaweka kalamu chini. "Basi sitapiga muhuri hadi atafutwe."

Msafara ukaondoka. Mvua zikaja, zikamdondokea Lubaba hadi kitandani. Alilia, lakini hakujuta. Kila msafara ulioingia aliuendea akamuulizia nduguye, na mahujaji wakalichukua jina lile hadi Makka.

Hata adhuhuri moja, mchunga ngamia mwenye mvi akasimama mlangoni, asithubutu kuingia.

"Dada, nimesikia nimetajwa mbele ya kadhi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mdogo wangu. Ingia kwenu."

Akalia hadi ndevu zikalowa. "Nyumba chukua wewe. Mimi hilo jina limenitosha."

Lubaba akakataa. Kadhi akaipiga hati muhuri, wakaenda Sham pamoja, wakagawana kama Allah alivyoamrisha, wakaishi chini ya paa moja. Naye Lubaba alikuwa akisema, "Alhamdulillahi aliyenichelewesha. Lau ningeliwahi ule msafara, ningelifika peke yangu."

Ndugu yangu, ukiulizwa mbele ya mirathi, "Yuko mwingine?", mtaje. Huenda mwenzio anangoja jina lake tu ndipo arudi kwao.