Kitundu Kwenye Picha ya Timu

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa uwanja. Magoli mawili ya mianzi, mpira mmoja, na wenye njaa wengi. Basi sogeeni, wa nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Hapo kale, lakini si kale sana, mwaka wa hamsini na nne hivi, wanyama walikuwa na Chuo cha Ualimu cha Bondeni. Mkuu wa chuo alikuwa Korongo, aliyeruka kutoka Ulaya kila baridi ya kwao ilipoanza, na kwake kila kitu kilikuwa splendid, yaani safi kabisa. Ugali una mende? Splendid. Paa linavuja? Splendid, wanafunzi wataoga.

Chuo kilikuwa na timu ya mpira, na kapteni wa timu alikuwa Kiboko. Nani alimchagua? Kiti. Siku ya kwanza alikalia kiti cha kapteni, na hakupatikana wa kumwinua. Alikuwa na sifa mbili za kazi: mkubwa, na amekaa.

Fundi wa mpira alikuwa Karunguyeye, mdogo kiasi cha ngumi mbili, mgongo mzima miiba. Mipira ya siku hizo ilikuwa ya ngozi, ndani kibofu, mdomoni kamba kama ya kiatu. Kila mpira ulipofumuka, Karunguyeye aling'oa mwiba mmoja mgongoni mwake, akatoboa, akapitisha uzi, akashona. Ukifumuka, anang'oa, anashona. Ukifumuka, anang'oa, anashona. Lakini kucheza hakuwahi kucheza.

Naye alitaka kucheza mechi moja tu. Si kwa sifa. Alilelewa na bibi yake, na macho ya bibi yalikuwa yanafunga. Siku aliyoondoka nyumbani bibi alimshika uso akasema, "Mjukuu wangu, niletee picha yako ya chuoni, nikuone kabla giza halijaingia." Na sheria ya Korongo ilikuwa moja: aliyecheza japo mechi moja anaingia kwenye picha ya timu ya mwisho wa msimu. Asiyecheza, haingii.

Basi mechi ya kwanza akamwendea Kiboko.

"Kapteni, leo je?"

"We sindano, utatoboa mpira. Mechi ijayo."

Mechi ya pili. "Kapteni, leo je?"

"Mechi ijayo."

Ya tatu, ijayo. Ya nne, ijayo. Ya tano, ijayo.

Na mechi zenyewe sasa! Kipindi cha kwanza Bondeni waliongoza zote. Kipindi cha pili walifungwa zote. Kwa nini? Wakati wa mapumziko lililetwa beseni la machungwa yaliyokatwa, kila mchezaji kipande. Kiboko alichukua beseni, akafungua kinywa, chubwi. Beseni zima. Wenzake walilamba midomo yao, wakarudi uwanjani miguu imelegea kama ugali wa maji.

Ikabaki mechi ya sita, ya mwisho, dhidi ya nyumbu wa Chuo cha Milimani. Siku hiyo aliitwa pia mpiga picha, Kinyonga, na kamera yake ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Karunguyeye akamnong'oneza kitu. Kinyonga, ambaye Kiboko aliwahi kumkalia bila kuomba radhi, akazungusha jicho moja, akazungusha la pili, akasema, "Sawa."

Karunguyeye akaenda kwa Kiboko.

"Kapteni, mpiga picha anauliza, yako aipige ya ukubwa gani?"

"Kwani zinatofautiana?"

"Sana. Picha ndogo unatulia kidogo. Kubwa unatulia sana. Ukitikisika tu, inaharibika."

"Ya kwangu iwe kama mlango wa bwalo."

"Hiyo ni dakika tisini, Kapteni. Hutaweza."

"Nani hataweza? Leteni kiti. Na beseni la machungwa niwekeeni mapajani, watu wajue ni ya nani."

Kiboko akaketi kando ya uwanja, beseni mapajani, kifua mbele. Kinyonga akajifunika kitambaa. "Usitikisike mpaka nikwambie."

Refa alikuwa Kobe. Akahesabu Bondeni: kumi. Akahesabu tena, kwa mwendo wake: kumi. Swala, aliyecheza pembeni, akauliza, "Kapteni yuko wapi?"

"Anakuwa mkubwa," akasema Karunguyeye. "Nafasi yake nipo mimi."

Korongo akatazama. "Splendid."

Filimbi, prrr. Nyumbu walikuja ndu ndu ndu, Bondeni wakarudisha. Ndu ndu ndu, wakarudisha. Mapumziko, sufuri kwa sufuri. Sasa wachezaji wakapanga mstari mbele ya Kiboko. Swala akachukua kipande. "Ahsante, Kapteni." Ngiri akachukua kipande. "Ahsante, Kapteni." Nyani akachukua viwili, kimoja akakirudisha kwa aibu. Kiboko machozi yanamtiririka, na hatikisiki.

Kipindi cha pili miguu ya Bondeni ikawa miguu. Dakika ya mwisho Swala akapiga krosi, Karunguyeye akajikunja, mpira ukamwangukia mgongoni. Psssss. Ukanasa kwenye miiba. Mpira na mtu wakabingirika, bingiri bingiri, mpaka ndani ya goli.

Nyumbu wakalalamika. "Refa, mpira hauna upepo."

Kobe akafika baada ya muda, akainama, akatazama. "Umevuka mstari?"

"Umevuka, lakini..."

"Basi. Habari za upepo sikuulizwa." Prrr.

Kiboko akanyanyuka, magoti yanalia. "Picha imetoka?"

Kinyonga akajifunua kitambaa. "Samahani, Kapteni. Nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi. Mechi ijayo."

Ndipo ikapigwa picha ya timu. Kiboko nyuma, kwa kuwa mechi nyingine za msimu alicheza. Karunguyeye mbele katikati, na mpira uliosinyaa kama andazi la jana.

Alipofika nyumbani, bibi alitoka mlangoni akipapasa ukuta. Macho yalikuwa yameshafunga. Alipokea picha, akapitisha kidole juu yake, laini tupu.

"Wewe ni yupi, mjukuu wangu?"

Karunguyeye akang'oa mwiba mmoja mgongoni, akageuza picha, akatoboa polepole, pale pale aliposimama. Akamshika bibi kidole, akakiweka juu ya kinundu kilichojitokeza upande wa mbele.

"Ni mimi huyo."

Bibi akakaa na kidole pale muda mrefu, akitabasamu.

"Na kapteni wenu? Mtobolee naye. Naye ana bibi yake."

Karunguyeye akamfunika bibi khanga mabegani.

"Mechi ijayo, Bibi."

Hadithi inatufunza nini? Inatufunza subira, watoto. Someni kwa bidii, mheshimuni aliyekalia kiti, na mwenye miiba akae nje ya uwanja, asije akatoboa mpira wa watu. Mkiambiwa ijayo, ngojeni ijayo.

Refa amepuliza. Hadithi yangu nimeiacha golini; mwenye njaa aende kwao, akakute kipande chake cha chungwa, kama kapteni hajafika.