Mkaguzi wa Nyama na Mchezo wa Kabula

Isome hii yote kabla hujaituma kwa wengine, maana siku hizi tunatuma vitu ambavyo hata hatujavisoma.

Katika mji mmoja alikuwapo mkaguzi wa nyama, Bwana Maganga. Machinjioni walimwogopa kweli. Alipasua ini, akanusa, akabonyeza mapafu kwa vidole, na akiona dosari ng'ombe mzima alikwenda kufukiwa, mwenye mali alie asilie. Nyama yenye mhuri wake watu walikula bila wasiwasi.

Alikuwa na binti mmoja, Kabula, wa miaka kumi na minne. Shangazi yake alimpa simu yake ya zamani kwa ajili ya masomo. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Kabula alimpelekea baba yake simu hiyo.

"Baba, naomba uuangalie huu mchezo, uone kama unanifaa."

Jamani, mtoto gani wa siku hizi huomba kukaguliwa? Maganga akafurahi kuwa na binti mwenye adabu kiasi hicho, wala hakujiuliza zaidi.

Ulikuwa mchezo wa falme. Unachagua kuwa askari au mganga, unajiunga na kikosi, mnapigana na mazimwi huku mkiandikiana ujumbe na watu msiojuana. Maganga aliona farasi, akaona mapanga, kisha akaona namba pembeni: miaka 12 na kuendelea.

"Si wameshaandika hapa? Wewe una kumi na minne."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Baba Kabula, kaa naye ucheze hata kidogo, ujue humo ndani kuna nini."

"Ah, Mama Kabula! Mimi nikishagonga mhuri, kuna mtu anarudi kupasua ini? Hawa nao wameshakagua, wamegonga wa kwao. Chukua, mwanangu, kacheze."

Kabula akabaki amesimama. "Baba, si ungefungua tu uone?"

"Nimeshaona. Nenda."

Miezi miwili baadaye Kabula alitoka nyumbani na sare ya shule, na shuleni hakufika. Mama yake alizunguka mji mzima akilia barabarani. Siku ya nne polisi walimkuta katika nyumba ya wageni, wilaya nyingine, peke yake. Alikuwa hai. Lakini hakusema neno, na hata mama yake alipomgusa bega alijikunyata ukutani. Mtu aliyemwita huko alikuwa ameshatoroka, na mpaka leo hajakamatwa.

Kituoni, alipoambiwa kwamba mtu huyo na Kabula walijuana kwenye mchezo ule, Maganga alipiga meza. "Nani aliyeupitisha mchezo huu? Nani kaandika namba hii? Nataka jina lake!"

Afande mmoja mwanamke akamjibu taratibu, "Mzee wangu, namba hiyo inahusu picha na maneno waliyotengeneza wenye mchezo. Wanaoingia kucheza na mwanao, hao hakuna aliyekukagulia."

Akamsomea ujumbe uliokuwa kwenye simu ya Kabula. Mtu yule alijiita Ngao, mvulana wa miaka kumi na mitano. Alianza kwa kumpa Kabula mapanga na dawa za mchezoni. Akaomba picha. Akaomba nyingine, za aibu. Halafu akaandika: usipokuja, nazipeleka shuleni kwenu, na baba yako ataziona.

Maganga akainamisha kichwa. "Laiti ningemkatalia siku ile!"

Ndipo Kabula, aliyekuwa ameketi pembeni na mama yake, akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza tangu apatikane.

"Baba, nilikuwa nacheza tangu likizo. Siku ile alikuwa ameshaanza kunitisha. Niliogopa kukwambia kwa mdomo. Nikasema nikikuletea simu utafungua mwenyewe, utasoma."

Maganga alilia pale kituoni mbele ya watu.

Funzo: Namba ya umri haimjui anayemwandikia mwanao. Keti naye, cheza naye, soma ujumbe, uliza wenzake humo ni akina nani. Na mtoto akikuletea simu mwenyewe, usiwe na haraka ya kumrudishia. Huenda haombi ruhusa ya kucheza, anaomba umtoe.