Hamri la Radhi

"Hamri la radhi halipoi." Mmeyasikia leo uwanjani, mama mmoja akimwambia mwenzake, nanyi mkacheka mkidhani anasifu mapishi. Msicheke. Ketini niwaeleze maneno haya yalikotoka, maana yalitoka pabaya.

Hapa Kidutani, tangu zamani, mpunga ukishavunwa tunakuwa na Siku ya Mahamri. Kila nyumba hutoa karai lake uwanjani, unga umekandwa kwa tui na iliki, na majirani wa vijiji vingine huja kula na kucheza ngoma mpaka jua lichwe. Siku hiyo ina ada yake. Aliyemkosea mwenzake huchukua hamri la kwanza kutoka karaini akampelekea mkononi, la moto. Likipokewa, yamekwisha. Lakini zamani likipoa njiani lilikuwa tusi: umemletea mwenzio kiporo.

Mejumaa na Mwanamvua walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mwaka mmoja, katika sherehe hiyo hiyo, Mwanamvua, mdogo mtu, alimtania dada yake mbele za watu kwamba mahamri yake ukiwatupia kuku, kuku hukimbia. Watu wakaangua kicheko. Mejumaa, ambaye ulimi wake ulikuwa wembe, akamjibu, "Afadhali mimi niliyeshindwa kuumua unga. Wewe umeshindwa kukaa na mume." Mume wa Mwanamvua alikuwa amemwacha mwezi ule ule. Kicheko kikakatika. Tangu hapo hawakusemezana, na moyoni Mejumaa alijua vizuri nani wa kuomba radhi.

Mwaka uliofuata alikanda unga kwa nia hiyo. Hamri la kwanza likaelea juu ya mafuta, limefura vizuri. Akalitoa, akatazama huku na huku. Mwanamvua hakuonekana. "Kiburi hicho," akajisemea. "Hata karai hakutoa. Aje kwanza nimwone." Akalifunika hamri kwa kawa.

Akaja Riziki, binti mkubwa wa Mwanamvua.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mama anauliza kama hamri lako la kwanza limeiva."

"Marahaba. Mwambie ana miguu. Akilitaka atalifuata."

Riziki akaondoka. Mama yake alikuwa hoi kwa homa, lakini alimkataza kuitaja. Hakutaka dada yake aletwe na huruma.

Ngoma zikapigwa, jua likapinduka. Furaha ya wengine ilimuuma Mejumaa. Mwishowe akashindwa kuvumilia. Akalitwaa lile hamri, akaenda mpaka mlangoni kwa mdogo wake, na pale akaligusa. Lilikuwa baridi kabisa. Haya zikamshika. Alikwisha kumtukana mara moja. Amtukane tena kwa kiporo? Akageuka mbio hadi uwanjani, akachochea moto, akasukuma unga uliobaki. Mafuta yakachelewa kupata moto, naye akiyalaani.

Aliporudi, hamri jipya likimchoma kiganja, alisikia kilio kabla hajafika uani.

Riziki alimkuta mlangoni. "Mama mkubwa, ni wewe uliyekuja mwanzo?"

"Ni mimi."

"Mama alizisikia nyayo zako. Akasema, 'Huyo Mejumaa, mfungulie.' Nikafungua, sikuona mtu. Akaniambia nisiufunge mlango. Amekata roho akiutazama."

"Lilikuwa limepoa, mwanangu! Nilirudi kukaanga jingine. Lilikuwa limepoa!"

"Mama hakuwa akila kitu tangu juzi," Riziki akasema. "Alitaka uingie tu."

Mejumaa akaanguka pale pale. Walimwambia ni kazi ya Mungu, hakusikia. Walimpa maji, hakunywa. Alizeeka na uchungu ule, na haukupungua hata kidogo, msije mkadanganywa kwamba siku huponya kila kitu.

Kila Siku ya Mahamri aliketi kando ya njia. Akimwona mtu amesimama nje ya mlango wa mwenzake, anabonyezabonyeza alichoshika aone kama kingali na moto, alimsukuma mgongoni kwa mikono yake miwili huku akilia: "Piga hodi, mwanangu, ingia! Hamri la radhi halipoi."