Mlango wa Wenye Njaa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mikarafuu, Sultani Zaharani alifiwa na mama yake. Basi akaamuru hitima isomwe na pilau ipikwe, akasema, "Sadaka hii ya mama imfikie mwenye njaa tu. Aliyeshiba asipite mlangoni pangu."

Waziri Haidari, mtu wa elimu nyingi, akaunda mlango wa ajabu: una mizani ya kupima mwili, kioo cha kukagulia ulimi, na maswali marefu ya nasaba. Ikawa hata adhuhuri waliopita ni shemeji zake wawili tu, maana ndio waliojua majibu. Maskini wakabaki juani, na pilau ikawa inashika ukoko.

Sultani akaghadhibika. Ndipo akasogea Vuai, fukara mcheshi wa mji ule, akasema, "Bwana wangu, niachie mimi mlango."

Waziri akacheka. "Wewe kapuku! Utauunda kwa kitu gani?"

"Kwa muhogo, Bwana Waziri."

Sultani akasema, "Haya. Lakini akipita aliyeshiba, hata mmoja, utauhama mji."

Vuai akaondoa mizani na kioo, akaweka sinia la muhogo wa kuchemsha, hauna chumvi wala nazi. Akawaambia askari, "Atakayekula kipande akakimaliza, apite. Asiyekula, arudi kwake."

Mjane mmoja akala, wanawe wakala, wakapita. Matajiri wakakunja pua: "Muhogo mkavu? Sisi tumefuata pilau!" Wakaenda zao.

Sultani akatoka nje kutazama, akafurahi mno. Alipotaka kurudi ndani, Vuai akamwekea sinia mbele.

"Mimi? Nimetoka kula kuku wa kupaka sasa hivi!"

"Basi umeshiba, bwana wangu, na amri ni yako. Nikikupitisha, mimi nahama."

Sultani akalitazama jumba lake, akautazama muhogo, kisha akaketi kizingitini. Jua likashuka, magharibi ikaadhiniwa, akasali palepale pamoja na maskini. Hata njaa ilipomshika, akasema "Bismillahi," akatwaa kipande, akala, akalamba vidole.

"Vuai! Mbona mtamu?"

"Muhogo ni uleule, bwana wangu. Njaa ndiyo chumvi."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaingia, akala sinia moja na yule mjane na wanawe, akamfanya Vuai bawabu wa kila hitima. Na mlango wa waziri ukapasuliwa kuni, ukapika pilau vizuri sana.

Mola amrehemu marehemu yule, na wetu sote waliotangulia.