Dereva Aliyeongeza Sauti

Palikuwa na dereva mmoja wa bodaboda. Vijana mlioketi kule nyuma msianze kuangaliana, sijamtaja mtu. Nimesema dereva mmoja, na pikipiki ilikuwa yake mwenyewe, si ya mkataba wa kumlipa tajiri kidogokidogo. Kadi ina jina lake. Wanaoijua kazi hiyo wanaelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Dereva huyu alikuwa anajenga. Vyumba viwili na sebule, kwa tofali mbichi, maana kuni za kuchomea zilimshinda bei. Kuta zilikuwa zimefika juu, zimebaki bati tu. Na ninyi mnajua mvua inachofanya kwenye tofali mbichi zisizo na paa. Alikuwa ameshaweka laki nne za bati, na mvua za kwanza zilikuwa zimebakiza kama mwezi mmoja. Kila jioni mke wake akitazama mawingu, yeye humwambia, "Tutawahi." Ndiyo shughuli pekee iliyokuwa kichwani mwake, kuwahi mvua.

Siku moja injini ikaanza kulia. Si kelele kubwa, ni kama mtu anagonga kijiko kwenye bakuli la bati, hapo chini ya goti. Akiwa tambarare inatulia, akipandisha mlima inarudi. Akapita kwa fundi wake, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Yule mzee aliinamisha sikio tu, hakugusa hata spana.

"Hiyo ni cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, mdogo wangu. Imelegea. Niachie pikipiki kesho asubuhi, mchana unaichukua. Cheni ni elfu kumi na tano, na mimi utanipa ya chai."

"Kesho sina nafasi, mzee. Wacha nimalize bati kwanza."

"Haya. Lakini ikikatikia njiani usije kunitafutia maneno."

Mnadhani alirudi kesho yake? Hakurudi. Ila ile kelele ilimkera, na abiria walianza kumuuliza, kaka, pikipiki yako ina nini. Basi akafanya jambo ambalo ni dereva wa bodaboda tu anayeweza kulifanya, na mkitaka kucheka chekeni sasa, baadaye hamtapata nafasi. Alikuwa na redio ndogo ya flashi, ile inayofungwa kwenye usukani. Akaenda dukani akanunua spika kubwa zaidi. Akaifunga kwenye usukani, akafungulia sauti, na injini haikusikika tena.

Akaendesha hivyo wiki tatu. Injini ikipandisha kelele, naye anapandisha sauti. Abiria akisema kitu, anaitikia kwa kichwa. Spika ya elfu thelathini na tano, ndugu zangu, kufunika kelele ya elfu kumi na tano. Nani kati yetu hajawahi kupiga hesabu ya namna hiyo?

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anapandisha mlima, nyuma amebeba abiria na gunia la viazi. Pikipiki ikatoa mlio mmoja wa chuma, ikazima. Akapiga kiki, kiki ikakwama. Akapiga tena, haikusogea. Abiria akashuka, akatafuta usafiri mwingine, akaondoka na viazi vyake. Dereva akaisukuma pikipiki hadi sokoni, kilomita sita, kwa fundi yuleyule.

Fundi akaifungua injini mbele yake. Alitoa kifaa kimoja kimoja akakipanga kwenye beseni, mpaka alipofika chini kabisa. Ndipo akainua macho.

"Cheni imekatika. Valvu zimepinda zote mbili. Pistoni imetoboka, na silinda ndiyo hiyo unaiona, imechubuka yote. Ukitaka ikae kama mwanzo, ni laki tatu na themanini."

Yule kijana alisimama pale na kofia ngumu mkononi, haivai wala haiweki chini. Laki tatu na themanini ni zile bati, yaani ni nyumba.

"Lakini mzee, imekatika ghafla. Haikutoa dalili yoyote."

"Ghafla?" Fundi alifuta mikono kwa tambara. "Imelia wiki tatu. Juzi umepita hapo barabarani na hiyo spika yako, mimi niko humu ndani, nimeisikia injini. Nikatoka nikakuita. Ulinipungia mkono."

Akarudi nyumbani kwa miguu, mchana kweupe, saa ambayo hajawahi kuonekana nyumbani siku ya kazi. Mke wake alikuwa mlangoni anamenya viazi. Dereva akampita, akaketi kwenye kiti katika kile chumba walichopanga, anawaza bati. Siku zote akifika nyumbani huifungua spika yake, akaingia nayo na kuiweka mezani, inaendelea kupiga. Siku hiyo spika ilibaki kwa fundi, kwenye pikipiki. Nyumba ikawa kimya.

Katika ule ukimya akasikia sauti. Nyembamba, kama filimbi iliyozibwa, inakuja, inakatika, inakuja tena. Alidhani ni birika jikoni. Akasikiliza. Ilitoka upande wa kitanda, nyuma ya pazia.

"Mama Atupele, hicho kinacholia ni nini?"

Mke wake hakuinua kichwa. "Ni mwanao. Ni kifua chake."

Akafunua pazia. Mtoto wa miaka miwili, amelala chali, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Akamwona kama anamwona mara ya kwanza. Lile suala la injini likamtoka kichwani lote.

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tatu."

"Wiki ya tatu, na hukuniambia?"

Hapo yule mama akaweka kisu chini. "Nimekuambia mara nne, Baba Atupele. Zahanati nilimpeleka mwenyewe, wakasema tumwahishe hospitali kubwa. Nani wa kutupeleka, kama si wewe mwenye pikipiki? Kila ukirudi nikianza kusema, unaninyooshea kidole. Unaniambia, ngoja kwanza, ngoja mhubiri amalize."

Ndugu zangu, mlidhani alikuwa anasikiliza nini wiki tatu zile? Mlidhani ni bongo fleva? Najua mlidhani hivyo, na mlikuwa mnasubiri nimseme. Alikuwa anasikiliza mahubiri. Flashi nzima ya mahubiri, sauti juu hadi mwisho, huku anaitikia amina barabarani. Kwa neno la Mungu alifunika kelele ya injini, na kwa neno hilohilo akafunika pumzi ya mtoto wake.

Walimbeba mtoto kwa pikipiki ya jirani. Daktari aliwaambia ni homa ya mapafu, na kwamba wangengoja hadi Ijumaa asingekuwa na la kuwaambia. Mtoto alipona, mama zangu, futeni machozi. Lakini pesa ya bati iliishia hospitalini, injini ikakaa kwenye beseni la fundi miezi mitatu, na mvua zilipokuja zikazikuta zile kuta wazi. Leo ukipita pale utaona msingi na kichuguu cha udongo.

Sasa kuna mtu hapa ameshaanza kusema moyoni, Mungu alikata ile cheni ili mtoto apone. Tafadhali, usiseme hivyo. Cheni ilikatika kwa sababu ililegea na mwenyewe hakutaka kuibadilisha. Kama Mungu alikuwa na la kusema, alilisema mapema, kwa bei ndogo, kwa mdomo wa mzee mwenye mikono ya grisi na kwa mdomo wa mke. Dereva hakuwasikia, kwa sababu alikuwa kwenye ibada.

Nami nisijitoe. Yule dereva nimemtunga, na mke wake nimemtunga. Flashi sikuitunga. Iko pale mlangoni kwenye meza ya idara ya uinjilisti, elfu tano, na sauti iliyomo ni yangu. Mimi ndiye niliyewaambia waiuze. Nilipokuwa naandaa mfano huu nilifika hapo nikasimama, kwa sababu sijui nimefunika nini katika nyumba zenu. Na ya kwangu je? Wiki iliyopita mwanangu wa kwanza alisimama mlangoni pa ofisi yangu mara mbili, nikamnyooshea kidole, nikamwambia ngoja, naandaa neno. Mpaka leo hajarudi kuniambia alichotaka. Hilo sijalitunga pia.

Tunaimba sana sisi. Tunakesha, tunafunga, tuna mkutano Jumatano na mkutano Ijumaa, na si vibaya, mimi mwenyewe ndiye ninayeupanga ule wa Ijumaa. Lakini jiulize unapopandisha sauti, ni kwa sababu unampenda Mungu, au kuna kitu kinagonga hapo chini ya goti na hutaki kukisikia? Ile ndoa ambayo ndani yake halijasemwa neno tangu Pasaka. Yule binti aliyeacha kula. Yule ndugu uliyemkosea na unampita hapo uani, unamsalimia Bwana asifiwe kwa sauti kubwa ili asipate nafasi ya kujibu. Tutakuja kusema ilitokea ghafla, na watakaotusikia watatushangaa, kwa sababu wao waliisikia muda wote.

Kwaya, leo kaeni. Hatutafunga kwa wimbo. Ndugu wa mitambo, nizimie hiki kipaza sauti, walio nyuma watanisikia hivihivi.

Nendeni nyumbani sasa hivi, na ukifika usiwashe kitu. Keti na wale unaoishi nao, uwaulize ni nini wamekuwa wakitaka kukuambia, na tangu lini. Wakianza kusema, usimwambie mtu angoje. Mimi nimeshamaliza.