Usipasue Gia Hujauliza Kiatu

Usipasue gia hujauliza kiatu. Ndivyo alivyosema shangazi yenu Mwanahawa leo asubuhi, kaka yake alipotaka kumwachisha mwanawe Hozza shule kwa kuwa hajui kusoma kilichoandikwa ubaoni. Nyinyi mkacheka, mkadhani shangazi amechanganya maneno. Gia na shule wapi na wapi? Hakuchanganya. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kwekibuyu, nami nilikuwapo, tena nina fungu langu ndani yake ambalo nitalitaja nikiwa tayari. Msinihimize.

Ilikuwa hivi. Zamani zahanati yetu ililetewa nesi kutoka Upareni, jina lake Eliwaza. Alikuwa mwembamba hata tukaulizana kama upepo wa huku utamwacha kwa mwezi mmoja. Akakabidhiwa pikipiki nyekundu ya gia nne, kuukuu, iliyokwisha kubeba manesi watatu kabla yake na kuwastaafisha wote. Tangi lilikuwa na bonde, taa ya nyuma imefungwa kwa kamba ya mkonge. Wanaume walikaa barazani wakingoja kumwona akianguka. Walingoja sana. Yule binti alipanda na kushuka milima hii akiwa na sanduku la chanjo mgongoni, na kila kijiji kilijua siku yake ya kuja kuliko kilivyojua siku ya mnada.

Basi sisi kina mama tukasema, mtoto wa watu anapita kwenye matope na raba za kitambaa, vidole vinachungulia nje. Tukamnunulia mabuti ya mpira, meusi, marefu hadi magotini, yenye pua nene. Tukamkabidhi mbele ya watu kwa vigelegele. Naye raba zake akazipeleka kwa Mzee Kupaza zikashonwe.

Mnajua desturi yetu. Zawadi ya kuvaliwa haifungiwi sandukuni. Ukipewa kanga, waliokupa waione mwilini mwako. Ukiiweka, umewaambia haikukufaa. Eliwaza alikuwa mtoto wa adabu, akayavaa mabuti yale kila siku ya Mungu, jua na mvua.

Haikupita wiki, pikipiki ikaanza visa. Gia ya kwanza inaingia vizuri, unakanyaga chini tu, tak. Lakini akitaka ya pili, ambayo huinuliwa kwa ncha ya mguu wa kushoto, inaishia njiani. Injini inalia kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi, na gurudumu la nyuma halina habari. Kwenye tambarare hilo ni jambo la kucheka. Kwenye Kona ya Mawe, palipo na korongo upande wa kulia, si la kucheka. Jumatatu ile pikipiki ilirudi nyuma naye juu yake, akaiacha iangukie ukingo wa barabara, akatembea kwa mguu hadi nyumbani akichechemea.

Jumanne habari zikashuka kutoka Mhezi, kijiji cha juu kabisa: surua imeingia, watoto wawili wamelala. Alhamisi ilikuwa siku ya kupeleka chanjo. Barafu ya sanduku inashika baridi mpaka adhuhuri, na kwa miguu unafika Mhezi alasiri. Bila pikipiki dawa ingefika imekufa.

Jumatano asubuhi Eliwaza akaisukuma pikipiki hadi kwa Fundi Mbaruku. Mbaruku alikuwa fundi kweli, sitaki mtu amseme vibaya. Hakuwa wale wa nyundo kwanza, maswali baadaye. Alivuta mkono wa klachi, akautazama waya wake, haukulegea wala kukaza mno. Akakagua oili, ipo na ni safi. Akazungusha gurudumu, cheni inacheza inavyotakiwa. Kisha akapanda mwenyewe, na ndala zake miguuni, akaenda hadi kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zinaingia kama kisu kwenye siagi.

"Nesi, hii nzima," akasema.

"Haya, nipande mimi."

Akapanda. Ya kwanza, tak. Ya pili, injini ikalia ng'ombe wake.

Mbaruku akapanda tena. Nzima. Eliwaza akapanda tena. Mbovu. Watu wakaanza kukusanyika, maana jambo kama hilo halipatikani kila siku. Mmoja akasema pikipiki ina jini lisilopenda Wapare. Mwingine akasema inataka mwanamume. Eliwaza akamwambia, "Basi ipose, mjomba, tuone kama itakukubali." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Mbaruku akafuta mikono kwa gunia, akatoa hukumu yake. "Kama nje ni nzima, ugonjwa uko ndani. Gia zimelika meno. Zinajificha kwangu, zinajitokeza kwako. Lazima nipasue injini."

"Ukiipasua leo, kesho naondoka nayo?"

"Kesho hapana. Ikishafunguliwa, gasketi zile za kuzuia oili hazirudishwi. Mpya mpaka Tanga. Wiki mbili, nesi, kama basi halikuharibika."

Eliwaza akakaa juu ya tairi bovu. Hakulia. Alitazama mlima wa Mhezi, halafu akasema taratibu, "Fungua." Mbaruku akachukua spana.

Sasa, pembeni ya gereji ile, kwenye kibaraza cha duka la mafuta ya taa, ndipo alipokuwa akikaa Mzee Kupaza, mshona viatu. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, na pikipiki hakuwahi kupanda maishani mwake, hata ya kusukumwa. Lakini mshona viatu hatazami nyuso za watu, anatazama miguu yao, na miguu haijui kusema uongo. Tulikuwa tukisema, Kupaza anajua nani amekwenda kwa nani, kwa kuangalia udongo wa soli. Ndiyo maana waume wengine walikuwa wakitengeneza viatu vyao wenyewe.

Akaita kutoka pale alipo, sindano iko mdomoni. "Mbaruku, subiri kidogo. Mwanangu nesi, hebu nipe mguu wa kushoto."

"Mguu wangu hauumwi, babu. Kinachoumwa ni pikipiki."

"Najua. Nipe tu, sitaula."

Akamsogezea. Mzee Kupaza akaushika ule mguu kama daktari, akapangusa tope kwa kidole gumba. Kisha akachakura kwenye rundo lake, akatoa raba ya Eliwaza ya kushoto, ile aliyoletewa kushona. Akaviweka viwili pamoja.

"Tazameni," akasema. "Mtu wa pikipiki, kiatu chake cha kushoto kina kovu hapa juu, kwenye mgongo wa vidole. Ndipo pedeli ya gia inapokaa akiinua. Raba hii ina kovu hadi kitambaa kimetoboka, nami nilikuwa nikijiuliza nitie kiraka cha ngozi gani. Sasa lione buti. Mgongoni safi, kama limetoka dukani. Limechubuka wapi? Puani."

Mbaruku akaja, akachuchumaa, akatazama. Akatazama buti, akatazama ndala zake mwenyewe. Nilimwona uso ukimbadilika polepole, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo.

"Mguu hauingii chini ya pedeli," akasema.

"Mimi sijui pedeli," akasema Mzee Kupaza. "Najua tu kwamba kiatu hiki hakijapita mahali ambapo kile kilipita kila siku."

Akampa Eliwaza raba yake, bado haijashonwa, vidole nje. Eliwaza akaivaa, akapanda, akaondoka. Tukatega masikio wote. Ya kwanza. Ya pili. Hapo mtu mmoja akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo. Ya tatu, akapotea nyuma ya mibuni, akarudi na tope usoni na meno yote nje.

Lakini furaha haikudumu, maana kila mtu alikumbuka jambo moja: mabuti yale ni zawadi, na waliotoa zawadi wamesimama pale pale. Eliwaza akatuona. Tabasamu likarudi ndani. Akavua raba, akavaa buti lake, akasema, "Mabuti hayana kosa, mama zangu. Mimi ndiye niliyeinua vibaya. Nitajifunza."

Atajifunza nini kwa usiku mmoja, na Kona ya Mawe inangoja?

Mzee Kupaza alikwisha kurudisha uzi kwenye sindano. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mbaruku, hiyo pedeli imechomelewa, au inatoka?"

"Inatoka. Imeshikwa kwa bolti moja, na ndani ina meno."

"Mguu ukiwa mnene, mimi napanua kiatu. Simkati mtu vidole."

Mbaruku akampa jicho refu, kisha akaanza kucheka peke yake. Akaweka chini spana kubwa, akachukua ndogo ya namba kumi. Akalegeza bolti, akaivuta pedeli, akaizungusha jino moja kwenda juu, akairudisha, akakaza. Hata chai ya kwenye kikombe chake haikupoa. Eliwaza akapanda na mabuti yake ya heshima, pua ikapita chini ya pedeli kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Ya pili ikaingia, tak.

Alhamisi asubuhi nusu ya kijiji tulisimama nje tukisikiliza mlimani. Tulimsikia akifika Kona ya Mawe, tukasikia injini ikishusha pumzi na kushika ya pili, ikapanda. Kabla ya saa nne alikuwa Mhezi, na barafu bado inagonga sandukuni. Watoto tisini na mmoja walichanjwa siku ile. Wale wawili waliolala waliamka, na mmoja wao ndiye huyo anayewauzia maandazi, asiyekubali kuwaongezea hata moja.

Mbaruku mwenyewe ndiye aliyeanza kuisema methali. Angeweza kunyamaza, fundi gani anapenda kufundishwa kazi na mshona viatu? Lakini kila alipoletewa injini ya kupasua, alikuwa akigeuka kibarazani na kusema kwa sauti, "Usipasue gia hujauliza kiatu. Mzee Kupaza, njoo uulize." Mimi nawaheshimu wote wawili, aliyeona na aliyekubali kuonyeshwa, na sijui kati yao nani alifanya kazi ngumu zaidi.

Na fungu langu? Haya. Muuza mabuti aliuliza nesi anavaa namba ngapi. Kamati yetu ya kina mama ikanitazama, maana mwenyekiti ni mimi. Nikasema, pima kwa mguu wangu.

Msiitazame miguu yangu. Tazameni Hozza. Shangazi yake hakubishana na mtu, alimuuliza swali moja tu: shuleni unakaa wapi? Akajibu, nyuma kabisa, dirishani. Akamsimamisha pale mlangoni, akamwambia asome maandishi ya kwenye gunia la mbolea lililoko uani. Hakuona hata herufi moja. Akamsogeza hatua kwa hatua, na alipofika karibu akalisoma lote, mpaka na uzito wa kilo. Kesho anahamia dawati la mbele, na Jumatatu anapelekwa kupimwa macho. Baba yake, aliyekuwa tayari kumnunulia jembe, ameketi kule nyuma ya nyumba akijifanya anachonga mpini.

Nendeni mkamwambie chai iko tayari. Na msimcheke. Mwambieni tu, kwa adabu, kama mlivyosikia: usipasue gia hujauliza kiatu.